Wazazi Wakatoliki na Malezi ya Imani Nyumbani: Maswali Yanayoulizwa Mara kwa Mara

Majibu haya yanafuata mafundisho na sheria za Kanisa kwa Wakatoliki wa mapokeo ya Kilatini. Pale ambapo ni maoni ya malezi tu, tumesema wazi, na mzazi ana uhuru wa kufanya vingine.

"Kuishi imani kwa dhati" nyumbani ni kufanya nini hasa?

Ni kuhakikisha kwamba yule anayeitikia "Amina" kanisani ndiye huyo huyo anayepokea simu nyumbani. Simu inaita, baba anaangalia jina la anayepiga, anamnong'oneza mtoto: "Mwambie sipo." Hapo mtoto amefundishwa upya amri ya nane, ile inayokataza uongo, na katekista, mwalimu wake wa dini, atapata kazi kubwa kulifuta somo hilo.

Mtaguso wa Pili wa Vatikano, mkutano mkuu wa maaskofu wa dunia nzima, uliiita familia kanisa la nyumbani, na tamko lake la 1965 juu ya malezi ya Kikristo likasema wazazi ndio walezi wa kwanza na wakuu wa watoto wao. Sheria ya Kanisa (kanuni ya 774) inawataka wawalee katika imani kwa neno na kwa mfano wa maisha. Ni vyote viwili. Wanaohubiri bila kutenda wanajulikana, hatuna haja ya kuwasema. Wanaosahaulika ni wale wanaotenda mema kimya kimya bila kutaja sababu. Mtoto wao anakua akijua kwamba mama ana moyo mzuri, lakini hajui kwamba alimsamehe jirani kwa ajili ya Kristo. Taja sababu, tena kwa ufupi: "Nimerudisha hii chenji iliyozidi kwa sababu si yangu, na Mungu anaona hata muuzaji asipoona."

Kabla ya kununua sanamu au kuongeza ibada, kagueni mambo manne: mnavyomzungumzia padre njiani mkitoka Misa, mnavyoshughulika na fedha, mnavyowasema watu wasiokuwepo, na mnavyopatana mkishagombana. Watoto wanaisoma imani yenu humo.

Tuanze na sala gani, na ya muda gani?

Anzeni na fupi kuliko mnavyodhani inafaa. Kosa la kawaida ni familia isiyosali kabisa kuamua Jumapili moja kwamba kuanzia kesho ni masomo, Rozari nzima na nyimbo mbili. Mpango huo kwa kawaida haufiki Ijumaa, na watoto wanajifunza kwamba sala ni jambo linaloanzwa na kuachwa.

Ifungeni sala kwenye kitu ambacho tayari kinafanyika kila siku. Chakula na kulala vinafaa zaidi, kwa sababu havirukwi. Kwa mtoto wa chini ya miaka mitatu, dakika moja kitandani inatosha: ishara ya msalaba, asante kwa kitu kimoja anachokijua kwa jina, na jina la mtu mmoja wa kuombewa. Kwa wa miaka minne hadi saba, ongezeni Baba Yetu na Salamu Maria, jumla isizidi dakika tano. Watoto wakubwa wanaweza kukaa dakika kumi pamoja na aya chache za Injili.

Sala za kukariri mfundisheni kipande kipande. "Baba yetu uliye mbinguni, jina lako litukuzwe" ni kazi ya wiki moja. Mwulize kila kipande kina maana gani, maana watoto hukariri sauti, na wengine hufika Komunyo ya kwanza wakitamka maneno ambayo hayapo.

Tendo moja tunalipendekeza kuliko mengine yote: kabla mtoto hajalala, mzazi amchore msalaba mdogo kwenye paji la uso kwa kidole gumba na kusema, "Mungu akubariki." Katika ibada ya ubatizo, baada ya padre kumtia mtoto alama ya msalaba, wazazi na wasimamizi hualikwa kufanya vivyo hivyo. Kwa hiyo mnarudia kile mlichokianza siku ile. Hata usiku wa ugomvi linawezekana. Usiku huo ndio linapohitajika zaidi.

Rozari ya familia inaishia kwenye vurugu na makofi. Tuiache?

Msiiache, ipunguzeni. Rozari ya mafumbo matano huchukua kama dakika ishirini, na kwa mtoto wa miaka minne huo ni muda mrefu mno. Salini fumbo moja tu: Baba Yetu moja, Salamu Maria kumi, Atukuzwe moja. Mtoto atangulie kusema ni kwa ajili ya nani. Aliyejifunza kusoma atangaze fumbo, yaani tukio la maisha ya Yesu au Maria linalotafakariwa: mafumbo ya Furaha Jumatatu na Jumamosi, ya Uchungu Jumanne na Ijumaa, ya Utukufu Jumatano na Jumapili, na ya Mwanga, yaliyopendekezwa na Papa Yohane Paulo wa Pili mwaka 2002, Alhamisi.

Mkishaweza fumbo moja kwa utulivu mwezi mzima, ongezeni la pili. Wadogo wakimaliza fumbo lao, waruhusiwe kulala au kucheza kimya, wakubwa waendelee.

Yanayoharibu mara nyingi ni mawili. La kwanza ni saa: mkianza saa tatu usiku watoto wamechoka, wanachosikia ni usingizi na kelele zenu. La pili ni nyongeza, yaani litania, novena na sala za watakatifu sita zinazobandikwa mwishoni kila siku. Na kamwe Rozari isiwe adhabu. Anayeambiwa "umekosa, kasali mafumbo matano" anafundishwa kwamba kuzungumza na Mama wa Mungu ni sawa na kupigishwa magoti.

Mtoto mchanga abatizwe lini, na msimamizi awe nani?

Kanuni ya 867 inasema katika majuma ya kwanza baada ya kuzaliwa, na inawataka wazazi wamwone paroko mapema, hata kabla mtoto hajazaliwa. Sababu kubwa ya kuchelewa huwa ni sherehe: ukumbi, nguo, ndugu wanaotoka mbali. Sherehe inaweza kusubiri, ubatizo usisubiri.

Msimamizi mmoja anatosha. Wakiwa wawili, awe mwanamume na mwanamke. Anatakiwa awe Mkatoliki aliyetimiza miaka 16, mwenye kipaimara na Ekaristi, anayeishi kulingana na imani hiyo, na asiwe baba wala mama wa mtoto. Mkristo mbatizwa wa madhehebu mengine anaweza kuwa shahidi pamoja na msimamizi Mkatoliki, si badala yake. Mkichagua kwa kuangalia uwezo wa mfuko, mtapata zawadi siku moja na kimya miaka kumi na tano. Jiulizeni: huyu atathubutu kumpigia simu mtoto wetu siku akisikia ameacha kusali?

Mtoto akiwa katika hatari ya kufa na padre hayupo, mtu yeyote mwenye nia ya kufanya lile lifanywalo na Kanisa anaweza kubatiza: anammiminia maji kichwani huku akisema, "(Jina), nakubatiza kwa jina la Baba, na la Mwana, na la Roho Mtakatifu." Baadaye paroko ajulishwe ili ubatizo uandikwe.

Ndoa yetu haijafungwa kanisani. Mtoto wetu atakataliwa?

Sheria inataka mzazi mmoja angalau akubali, na kuwe na tumaini lenye msingi kwamba mtoto atalelewa katika imani Katoliki (kanuni ya 868). Hali ya ndoa yenu peke yake si kizuizi. Paroko atauliza nani atamlea mtoto huyo kiimani na kwa namna gani. Akiona tumaini halipo kabisa, anaahirisha na kuwaeleza sababu. Nendeni na jibu la kweli na msimamizi anayeaminika. Mkiwa hapo, ulizeni pia kuhusu ndoa yenu, kwa kuwa mara nyingi kinachoikwamisha kinaondoleka.

Mtoto wa miaka miwili anatuvurugia Misa. Tukae nje mpaka akue?

Hapana. Kaeni mbele. Wazazi wengi hujificha nyuma kwa aibu, na huko nyuma mtoto haoni chochote isipokuwa migongo ya watu, kwa hiyo anatafuta kazi ya kufanya. Akiwa mahali anapoona altare, mna cha kumwonyesha.

Kabla ya kutoka nyumbani ale, aende msalani, avae nguo ambayo akiichafua hamtapiga kelele. Jumamosi jioni msomeeni Injili ya kesho kwa maneno yenu na kumpa kitu kimoja cha kusikiliza: "Kesho utasikia habari za mtu aliyepanda mti. Ukisikia, nibonyeze mkono." Wakati wa Misa mnong'onezeni yanapotokea: "Tazama, padre anainua Mwili wa Yesu." Hakuna jirani anayekwazika na mnong'ono huo, na asipousikia mtoto, hatajua kilichotokea.

Akilia, mmoja wenu atoke naye, amtulize, arudi. Neno la msingi ni arudi. Huko nje ashikwe mkononi. Asiachwe akimbie wala asipewe biskuti. Akigundua kwamba kelele zinaleta uwanja wa kuchezea, Jumapili ijayo ataanza kelele wakati wa somo la kwanza. Simu yenye katuni inamtuliza kweli, ila inamfundisha kwamba hapa kila mtu anashughulika na lake. Kitabu kidogo cha picha za Biblia ni bora, kama ni kitabu anachokiona kanisani tu.

Kuna siku mambo yote yatashindikana na mtatoka mkiwa hamkusikia hata homilia. Misa hiyo mmeishiriki.

Mtoto ni mgonjwa na hakuna wa kumwachia. Tukikosa Misa ya Jumapili ni dhambi?

Si dhambi. Katekisimu ya Kanisa Katoliki (2181) inataja ugonjwa na kulea watoto wachanga kuwa sababu nzito zinazomwondolea mtu wajibu huo. Kama kuna Misa zaidi ya moja, gawaneni: mmoja aende asubuhi, mwingine baadaye. Misa ya jioni ya siku inayotangulia nayo inatimiza amri. Mliobaki someni Injili ya siku kwa sauti.

Tumwandaeje mtoto kwa kitubio na Komunyo ya kwanza?

Kanisa linahesabu kwamba mtoto anaanza kutumia akili akitimiza miaka saba. Papa Pius wa Kumi alirudisha umri huo kwa Komunyo mwaka 1910, wakati sehemu nyingi zilikuwa zikiwachelewesha watoto mpaka ujana. Kitubio, yaani sakramenti ya kuungama dhambi, hutangulia Komunyo, na kanuni ya 914 inawataja wazazi kabla ya paroko katika wajibu wa kumwandaa. Darasa la katekisimu linawasaidia nyinyi. Halichukui nafasi yenu.

Kazi kubwa nyumbani ni kumfundisha kutofautisha dhambi na ajali. Glasi imemponyoka ikavunjika: hiyo si dhambi hata kama mama alikasirika. Akasema aliyevunja ni mdogo wake: hapo ndipo dhambi ilipo. Mtoto asiyeelewa tofauti hii huungama hasira za wazazi wake badala ya makosa yake. Zoezi la dhamiri liwe na maswali matatu tu: nimemfanyia nini Mungu, nimewafanyia nini wengine, na lipi jema nililoweza kulifanya nikaliacha.

Igizeni mpangilio mara mbili tatu kwa dhambi za kubuni: ishara ya msalaba, aseme ni mara yake ya kwanza, ataje dhambi, asikilize shauri na malipizi (tendo la toba analopewa na padre), asali sala ya kutubu, apokee ondoleo la dhambi. Mwambieni kwamba akisahau, padre atamsaidia, na kwamba padre hawezi kumwambia mtu yeyote alichosikia, hata wazazi. Msimwandikie orodha ya dhambi zake. Baadaye msimuulize alisema nini wala alipewa malipizi gani. Na siku hiyo hiyo simameni kwenye foleni nanyi muungame. Mtoto ambaye hajawahi kumwona baba yake akisubiri kuungama atahitimisha kwamba hilo ni jambo la watoto.

Kwa Komunyo, afunge saa moja kabla ya kupokea. Maji na dawa haviharibu mfungo. Ajue kwamba anachopokea ni Yesu mwenyewe, si mkate wa kawaida. Akilieleza hilo kwa maneno yake, maarifa yanatosha. Punguzeni mazungumzo ya gauni, keki na picha katika wiki ya mwisho, kwa kuwa mtoto hukumbuka kile kilichozungumzwa zaidi.

Nilimkosea mtoto wangu, nilimpiga kwa hasira. Nikimwomba msamaha si nitapoteza heshima?

Heshima hiyo imeshapungua. Kuomba msamaha ndiko kunakoirudisha. Katekisimu (2223) inafundisha kwamba wazazi wanaojua kukiri makosa yao mbele ya watoto huweza kuwaongoza na kuwasahihisha vizuri zaidi.

Namna ya kuomba ni muhimu. Chuchumaa, macho yenu yalingane. Taja kosa lenyewe: "Nilikupiga kwa sababu nilikuwa na hasira za kazini. Nilikosea. Naomba unisamehe." Kisha nyamaza. Usiongeze "lakini na wewe ulinichokoza", kwa sababu neno "lakini" linageuza ombi kuwa mashtaka. Kama naye alikosa, kosa lake lizungumzwe baadaye, peke yake. Asipojibu papo hapo, usimlazimishe kusema amekusamehe.

Je, ni vibaya kumwambia mtoto "Mungu atakuadhibu"?

Ndiyo, acheni. Mtoto humjua Mungu Baba kwanza kupitia sura ya wazazi wake. Mkimfanya Mungu kuwa askari wenu wa kumtisha ale mboga, akifika ujana atamkimbia Mungu huyo, na atakuwa amekimbia mtu asiyekuwepo. Adhabu ya nyumbani iwe yenu, kwa jina lenu, yenye uhusiano na kosa: aliyemwaga afute, aliyechukua arudishe. Dhambi ifundisheni kwa jina lake bila kuipaka rangi, ila sentensi isiishie kwenye dhambi. Iishie kwenye njia ya kurudi.

Mwenzangu si Mkatoliki, au ni Mkatoliki asiyesali. Nitalea peke yangu?

Katika ndoa ya mseto, upande wa Mkatoliki huahidi kufanya yote awezayo ili watoto wabatizwe na kulelewa katika Kanisa Katoliki. Mwenzake hujulishwa ahadi hiyo, haapishwi. "Yote awezayo" ina mpaka wake: amani ya ndoa nayo ni mali ya watoto. Yagawe mambo: yale yasiyomhitaji mwenzako, kama kubariki mtoto usiku na Misa ya Jumapili, yafanye bila kuomba kibali kila mara wala kununa. Yanayomhusu, kama ubatizo na shule, yazungumzeni watoto wakiwa wamelala.

Usimtumie mtoto kama mjumbe: "Kamwambie baba yako aje kusali." Mwalike mwenyewe, kwa jambo dogo, kisha mpishe. Wengi ambao hawaingii kanisani hukubali kukaa mezani watoto wakibariki chakula.

Mimi mwenyewe nina mashaka. Si unafiki kumfundisha mtoto?

Mnafiki hudai kuwa na kile asichokitafuta. Wewe unatafuta. Sali sala za Kanisa hata siku zisizo na ladha, na mtoto akikuuliza swali usilolijua, mwambie, "Sijui vizuri, twende tukaulize," kisha mwende kweli. Jibu la kubuni ndilo hatari. Mkimwambia mtoto kwamba bibi alikufa kwa sababu Mungu alimhitaji, msishangae akimwogopa Mungu anayehitaji mabibi. Semeni yale Kanisa linayosema: kifo kinauma, Yesu mwenyewe alimlilia Lazaro, na tunatumaini ufufuko. Kwa hiyo tunamwombea bibi.

Watoto wafunge wakati wa Kwaresima?

Sheria ya kujinyima nyama huanza miaka 14, ya kufunga chakula miaka 18. Walio chini ya hapo hawabanwi, lakini wazazi wanatakiwa kuwafundisha maana ya toba. Mtoto achague mwenyewe tendo moja linaloonekana. "Nitakuwa mwema" halipimiki. "Kila Ijumaa mdogo wangu atachagua kipindi cha runinga" linapimika. Kinachookolewa kiende kwa mhitaji, na mtoto akipeleke kwa mkono wake.

Kijana wa miaka 15 amegoma kwenda Misa.

Tafuteni kwanza amegomea nini. Mwingine ana mashaka ya kweli juu ya Mungu. Mwingine ameona wazazi wakigombana mpaka mlangoni mwa kanisa. Yupo anayebeba dhambi anayoionea aibu, na yupo aliyelala saa nane usiku na simu mkononi. Huyo dawa yake ni kuzima simu, wala si mahubiri. Ulizeni mkiwa mnafanya kitu kingine, mnaosha vyombo au mko safarini. Kijana aliyeketishwa sebuleni mbele ya wazazi wawili hutoa jibu la kumaliza kikao.

Maoni yetu: Misa ya Jumapili ibaki kanuni ya nyumba maadamu ni mtoto chini ya malezi yenu, na mseme hivyo bila vitisho. Ila mpeni nafasi ya kuchagua Misa ipi, akae wapi, na kama anataka kwaya, kuhudumia altare au kazi yoyote yenye jukumu. Msimlazimishe kupokea Komunyo wala kuungama. Anayejua ana dhambi nzito hapaswi kupokea, na kumsukuma mstarini kwa hofu ya macho ya watu ni kumtia katika kosa kubwa. Mtafutieni pia mtu mzima mwingine anayesali na anayemsikiliza. Kijana hukubali kwa mjomba kile alichokikataa kwa baba, na baba asione wivu.

Papa Fransisko, katika Amoris Laetitia, waraka wake juu ya upendo katika familia (namba 261), anawaonya wazazi dhidi ya kutaka kudhibiti kila hatua ya mtoto. Swali kubwa, anasema, si mtoto yuko mahali gani bali yuko wapi katika safari ya maisha yake. Hilo ndilo la kuuliza kuhusu intaneti pia: pamoja na kuweka saa za kuzima, mjue anatafuta nini huko.

Mtoto wetu mtu mzima ameacha Kanisa. Tulikosea wapi?

Huenda hamkukosea. Louis na Zélie Martin, waliotangazwa pamoja watakatifu tarehe 18 Oktoba 2015, walikuwa na binti mtakatifu, Teresia wa Lisieux, na pia binti mwingine, Léonie, aliyewasumbua na kufukuzwa shule. Malezi yalikuwa yale yale. Mtakatifu Monika alimlilia mwanawe Augustino miaka mingi, na askofu aliyemwendea alimshauri aache kubishana naye, amwombee. Augustino alibatizwa Milano usiku wa Pasaka mwaka 387, akiwa na miaka 32.

Mlango uwe wazi na meza iwe yake. Msizungumzie kanisa kila akipiga simu, la sivyo ataacha kupiga. Semeni mara moja, kwa utulivu, kwamba mngefurahi arudi, kisha salini na kufunga kwa ajili yake bila kumtangazia.

Mwanetu hataki mjukuu abatizwe. Tumbatize wenyewe kimya kimya nyumbani?

Msifanye hivyo. Mtoto asipokuwa katika hatari ya kufa, kumbatiza bila ridhaa ya mzazi hata mmoja hakuruhusiwi, hata kama moyo unawauma. Ubatizo huo, ingawa umekatazwa, ungekuwa ubatizo wa kweli, na kwa sababu hiyo ungeleta tatizo: haurudiwi, haujaandikwa popote, na mtoto anakua bila kujua alichopewa. Siku ikigundulika, wazazi wake watawazuia wajukuu wasije kwenu kabisa. Mkiwa na mjukuu, barikini chakula kama kawaida yenu, mjibuni anapouliza yule aliye msalabani ni nani, na mwulizeni mama yake kama anaruhusiwa kwenda nanyi Misa ya Noeli. Kama tayari mlishambatiza, mwambieni paroko sasa ili athibitishe na kuandika, kisha mtafute naye namna ya kuwaeleza wazazi wa mtoto.